Art Smith: Fundi Aliyeipa Shaba Heshima

Katika vikundi vyetu vinavyotengeneza ushanga, bangili na vipuli, neno hili halikosi kusikika: "Sisi tuna waya na shaba tu. Bila dhahabu, nani atanunua?" Basi safari hii, ndugu na dada, tuangalie maisha ya fundi mmoja wa Marekani aliyeanza na shaba hiyo hiyo. Leo kazi yake iko katika majumba ya makumbusho.

Huyu alikuwa nani?

Jina lake ni Art Smith. Alizaliwa Cuba mwaka wa 1917, wazazi wake wakiwa watu wa Jamaica. Mwaka wa 1920 jamaa hiyo ilihamia Brooklyn, New York. Kijana alikuwa hodari wa kuchora, akapata nafasi katika chuo cha Cooper Union. Huko alishauriwa asomee kuchora ramani za majengo, ati mtu mweusi angeweza kupata kazi ya serikali kwa njia hiyo. Lakini hesabu hazikumwingia vizuri, na moyo wake haukuwa huko. Akageukia uchongaji wa sanamu, akamaliza mwaka wa 1940.

Usonara alijifunza baadaye, kwa masomo ya jioni. Kisha akawa msaidizi wa Winifred Mason, mama mweusi aliyekuwa fundi wa mapambo katika mtaa wa Greenwich Village. Yaani hata mwenye cheti cha chuo alikubali kukaa chini ya fundi mwingine ili ashike kazi.

Taabu ya mwanzo

Mwaka wa 1946 alifungua duka lake katika Cornelia Street. Haikuwa rahisi. Kulikuwa na watu wa hapo ambao hawakutaka kumwona mtu mweusi akiwa na duka kati yao, wakamfanyia ukatili. Art Smith alihama, lakini hakuiacha kazi. Alifungua tena karibu na hapo, West Fourth Street, mahali penye wasanii na wapita njia wengi. Duka hilo lilidumu mpaka mwaka wa 1979.

Shaba inafanywaje?

Alitumia shaba nyekundu na shaba ya njano kwa sababu bei yake ni nafuu. Fedha alitumia pia. Shaba ina tabia yake: ukiigonga kwa nyundo inakuwa ngumu, na ukizidi kuigonga inapasuka. Ukiipasha moto mpaka iwe nyekundu, inalainika tena, nawe unaweza kuendelea kuikunja. Kwa hiyo fundi hupasha, hugonga, halafu hupasha tena. Mtu mwenye haraka ataiharibu.

Kwanza aliutazama mwili

Hapa ndipo penye siri yake. Kwa Art Smith, pambo likiwa mezani bado halijakamilika. Linakamilika likivaliwa. Alifikiria jinsi shingo inavyogeuka, na jinsi bega linavyoteremka. Waya aliuzungusha ukaacha nafasi, ili ngozi ya mvaaji ionekane katikati na iwe sehemu ya urembo. Bangili yake moja, iitwayo "Lava", inafunika sehemu kubwa ya mkono kati ya kiwiko na kiganja.

Wacheza dansi walimfunza pia. Alitengenezea mapambo vikundi vya dansi, kama kile cha Talley Beatty. Pambo la jukwaani lazima lionekane kutoka mbali, tena lisimzuie mchezaji kuruka. Hivyo akazoea kufanya vitu vikubwa.

Jina lake likaenea

Katika miaka ya 1950 mapambo yake yalionekana katika magazeti ya mitindo kama Vogue. Alimtengenezea mwanamuziki Duke Ellington vifungo vya mikono ya shati. Mwaka wa 1969 jumba moja la makumbusho ya kazi za mikono huko New York lilifanya maonyesho ya kazi yake peke yake. Alifariki mwaka wa 1982, na mwaka wa 2008 Brooklyn Museum ikamfanyia maonyesho mengine.

Sisi tuchukue nini?

Hatusemi kila kikundi kitafika kwenye makumbusho. Tunasema bei ya pambo haitoki kwa madini peke yake. Inatoka pia kwa akili na subira ya aliyelitengeneza. Shaba ya Art Smith ilikuwa shaba tu, mpaka alipoipatanisha na mtu wa kuivaa.

Mzungumze katika mkutano wenu:

1. Kabla ya kuuza, je, huwa tunavaa wenyewe kile tulichotengeneza na kuona kinakaaje?
2. Ni nani hapa kwetu anayejua kazi hii kutushinda, na tumewahi kumwomba atufundishe?
3. Kitu gani cha bei nafuu tunacho tayari, lakini tunakidharau?