Taya Lililochoka na Tiba ya Mkono

Katika maungo ya mwanadamu ni machache yatumikayo kwa wingi kama kiungo cha taya, kwani tangu mtu apigapo miayo ya alfajiri hadi alalapo usiku hakikosi shughuli, ikiwa ni kula, kunena, kucheka, kumeza mate au kusoma uradi. Na hata usingizini wako watu ambao mataya yao hayapati raha, wakapitisha usiku wakisaga meno pasipo wenyewe kuwa na habari. Si ajabu, basi, kwamba kiungo hiki huchoka, kikauma, kikalia kila kinywa kifungukapo, na pengine kikakataa kufunguka sawasawa.

Kiungo chenyewe kipo mbele kidogo ya tundu la sikio, nawe waweza kukitambua ukiweka kidole cha shahada mahali hapo kisha ukafungua na kufumba kinywa taratibu. Hapo kichwa cha mfupa wa taya la chini huzunguka mahali pake, na kinywa kizidipo kufunguka huteleza kuja mbele, huku kisahani chepesi kilichowekwa baina ya mifupa miwili kikiizuia isisagane. Misuli mikuu ya kutafuna ni minne kila upande: mmoja mnene wa shavuni, ushukao kutoka kitefute hadi pembe ya taya, wa pili uliotanda juu ya panja, na miwili iliyofichika kwa ndani, isiyofikiwa vyema ila kwa kupitia kinywani, na hiyo pia kwa shida.

Aghalabu maumivu hutoka katika misuli hiyo kuliko katika mfupa. Mtu aliyeelemewa na deni, msiba au ghadhabu aliyoimeza hukaza meno mchana kutwa bila kujijua. Na mwengine huitumikisha misuli ile ile kwa kutafuna miraa au ubani saa baada ya saa. Msuli uliokazwa namna hiyo hufanya vifundo vyenye uchungu, na ajabu yake ni kwamba uchungu huo hausikiki pale ulipoanzia tu: ule wa shavuni huenda sikioni na kwenye magego, na ule wa panjani hushuka hadi meno ya juu. Kwa sababu hiyo wako waliotiwa dawa katika masikio yasiyo na maradhi, na wako waliong'olewa meno mazima.

Matabibu wenyewe walitatizwa na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1934 James Costen, tabibu wa masikio katika mji wa St. Louis, Marekani, aliandika habari za wagonjwa 11 waliolalamika masikio na vichwa, akahukumu kwamba asili yake ni taya lililofunga kupita kiasi kwa kupungukiwa na magego. Hoja zake nyingi zilibatilishwa baadaye, lakini tangu hapo wenziwe hawakuacha kulitazama taya. Kisha Janet Travell, aliyepata kuwa tabibu wa Rais Kennedy, akishirikiana na David Simons, alitoa mwaka 1983 kitabu kilichoonyesha jinsi uchungu wa kila msuli unavyosambaa. Na mwaka 2023 jopo la wataalamu, katika jarida la BMJ la Uingereza, lilitilia mkazo kuchua vifundo vya misuli, kulizoeza taya na kuituliza nafsi kwa wenye maumivu ya muda mrefu, likaonya vikali dhidi ya kupasua na kukiondoa kile kisahani.

Atakaye kujichua nyumbani na anawe mikono, akae kitako aegemee, kisha aweke shavuni kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yasiyounguza, kwa muda wa dakika 10 hivi. Halafu aume meno kidogo ili autambue msuli unaotuna chini ya vidole, alegeze taya, na kwa ncha za vidole vitatu, zikiwa na mafuta ya nazi kidogo, auchue kwa miduara midogo kutoka kitefuteni kushuka hadi pembe ya taya. Akikuta kifundo akibinye kwa upole, avute pumzi na kuishusha, mpaka ahisi ukali wake unapungua. Kisha aende panjani afanye vivyo hivyo. Dakika chache asubuhi na jioni zatosha, kwani anayebinya kwa nguvu huzidisha uchungu alioutaka uondoke. Asibinye chini ya pembe ya taya wala ubavuni mwa koo, maana hapo hupita mshipa mkubwa wa damu. Na misuli ya ndani ya kinywa amwachie mtaalamu.

Yako maumivu, hata hivyo, yasiyostahili kungojewa. Taya linalouma pamoja na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi huenda likawa dalili ya moyo. Taya linalokakamaa baada ya jeraha huenda likawa dalili ya pepopunda. Na mtu aliyepita miaka 50 ambaye panja lake linauma, taya linamchoka atafunapo na macho yanaingia kiwi, amwendee daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo uvimbe, homa, au taya lililoteguka.

Lakini mkono, hata ukiwa hodari kiasi gani, hauwezi kuyashinda mazoea ya mwenye taya. Meno ya juu na ya chini hayakuumbwa yakae yamegusana kutwa. Yafaa yakutane wakati wa kutafuna na kumeza, kisha yaachane. Basi, ewe msomaji, kila ukumbukapo, kazini au safarini, fumba midomo, achanisha meno, na ulimi uuegemeze kaakaani nyuma ya meno ya mbele. Na kwa siku zile taya linapouma, kula uji na vyakula laini, uache ubani, na miayo usiiachie ipanue kinywa kupita kiasi. Atakayeyashika haya pamoja na kujichua, aghalabu atapata nafuu pasipo kisu wala kung'oa jino.