Nani Huhesabiwa Baharini?

Bamvua linapofika, maji ya Ghuba ya Chwaka, mashariki ya kisiwa cha Unguja, hukupwa mbali sana. Wavuvi wanaume huenda na vyombo vyao, ilhali wanawake hushuka kwa miguu kuokota chaza na kombe. Mwenye kusimama diko akahesabu vyombo na samaki wanaoshushwa ataandika sehemu moja tu ya habari. Wanawake wale hawatakuwamo katika daftari lake.

Kasoro ya namna hiyo huchunguzwa na elimu ya jinsia. Jinsi ni maumbile: mtu huzaliwa mwanamume au mwanamke. Jinsia ni kazi, haki na wajibu ambao jamii humgawia kila mmoja. Kwa hiyo huweza kubadilika.

Badiliko moja kubwa lilianza mwaka 1989, kilimo cha mwani cha biashara kilipoingia Paje na Jambiani. Utafiti wa awali ulikuwa umefanywa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwani hutoa karajini, kitu kinachozidisha uzito wa vyakula na dawa za meno. Wakulima walio wengi wakawa wanawake, nao wakapata fedha mikononi mwao.

Je, hali zao zilitengenea? Sara Fröcklin, alipokuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Stockholm, Uswidi, alichunguza swali hilo pamoja na wenzake, miongoni mwao Narriman Jiddawi na Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Waliwahoji wakulima wa mwani, wakawalinganisha na wanawake wasiolima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: wakulima walilalamikia uchovu, maumivu ya misuli, matatizo ya macho na majeraha, na pato lao lilikuwa dogo mno. Fröcklin alikamilisha tasnifu yake mwaka 2014.

Matokeo hayo hayasemi kwamba mwani uachwe. Yanaonyesha kuwa haitoshi kupima tani zinazouzwa. Yapasa kupima pia mwili na saa za mkulima. Tazama mfano mwingine. Aina ya mwani yenye bei nzuri hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto jingi. Husitawi zaidi katika kina kirefu, lakini huko kunahitajika chombo na ujuzi wa kuogelea, mambo ambayo wanawake wengi hawakufunzwa. Hapo elimu ya viumbe na elimu ya jinsia hukutana.

Wanafunzi waweza kuanza utafiti huu nyumbani. Kila mmoja na aandike kazi zote zilizofanywa na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, tangu alfajiri hadi kulala, pamoja na muda wake. Kisha darasa lijumlishe saa hizo na kujiuliza: ni kazi zipi ambazo hakuna aliyezihesabu?