Marubani wa Jabali Jeupe

Wanangu, leo nawapeleka Bempton, kijiji cha Yorkshire huko Uingereza, mahali nchi inapokatika ghafla na kudumbukia katika Bahari ya Kaskazini. Pale pana jabali jeupe lenye urefu wa mita 100 hivi. Kabla hamjaliona mtalisikia, na upepo ukitoka baharini mtalinusa: samaki na mavi ya ndege, tena si kidogo. Kati ya Machi na Oktoba ndege wapatao nusu milioni huja kuzaa pale, na kila mmoja ana la kusema.

Weupe ule ni wa chaki. Zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita, bahari yenye joto ilifunika sehemu ile. Ndani yake vilielea viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Vilipokufa, magamba yao yalizama, tabaka juu ya tabaka, hadi yakawa mwamba. Mawimbi na baridi humega mwamba huo kidogo kidogo, vikabaki vibaraza vyembamba juu ya maji. Mbweha hafiki huko. Ndiyo maana ndege wanapapenda.

Mimi nimpendaye kuliko wote ni gilemoti, mweusi mgongoni na mweupe tumboni. Hajengi kiota. Hutaga yai moja tu juu ya jiwe tupu. Yai hilo ni pana upande mmoja na limechongoka upande wa pili, kwa hiyo hutulia hata kwenye mteremko. Na rangi zake! Moja la buluu, jingine la kijani, jingine jeupe, yamejaa michirizi kama ya mtoto aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza. Kila jike ana rangi na michoro yake, naye huirudia mwaka hata mwaka. Kwa hiyo analijua yai lake, ingawa majirani wamemsonga bega kwa bega.

Hewa ya huko hubadilika upesi. Upepo wa kaskazini-mashariki, ule unaovuma Mombasa wakati wa jua kali la Januari, Bempton huleta baridi ya kupenya mifupa. Wavuvi wa Flamborough, kijiji jirani, walivaa sweta nzito za sufu zilizofumwa nyumbani. Hata kiangazi hakiaminiki: hewa yenye joto ikipita juu ya bahari baridi, unyevu wake hugeuka ukungu mzito, nao hupanda jabali na kulifunika, huku kilomita chache bara watu wanaota jua.

Mfikirieni baharia wa zamani ndani ya ukungu huo. Taa ya mnara haioni. Mwamba hauoni. Lakini makelele ya ndege anayasikia, na akiyasikia anageuza chombo. Mabaharia waliwaita ndege hao marubani wa Flamborough.

Wanakijiji nao waliwategemea. Wanaume walifungwa kamba na kuteremshwa jabalini, wenzao wakiishikilia kwa juu, wakaokota mayai ya kula na kuuza. Kazi hiyo ya hatari iliendelea hadi sheria ya 1954 ilipoikomesha. Gilemoti akipoteza yai mapema, huweza kutaga jingine. Kwa hiyo bunduki iliwaumiza ndege zaidi kuliko uokotaji wa mayai. Katika karne ya 19 watu walikuja kwa mashua kuwapiga ndege risasi, wengine kwa kujifurahisha tu, wengine kutafuta manyoya ya kupamba kofia za wanawake. Makinda yakabaki vibarazani yakifa njaa. Hilo nalichukia hadi leo. Mbunge Christopher Sykes alipeleka muswada bungeni, na mwaka 1869 ikapitishwa sheria ya kuwalinda ndege wa baharini wakati wa kuzaa. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ilikuwa hii: anayewaua ndege hawa anahatarisha maisha ya mabaharia.

Sauti za ndege hawa zina kazi nyingine, nayo ndiyo inayonishangaza zaidi. Kinda la gilemoti huanza kujifunza sauti za wazazi wake likiwa bado ndani ya yai. Likitimiza wiki tatu hivi, haliwezi kuruka, lakini pale kibarazani haliwezi kukaa tena. Mabawa ya gilemoti ni mafupi. Yanafaa sana kupigia mbizi, lakini kuruka nayo ni kazi ngumu, na mzazi hubeba samaki mmoja tu kwa safari. Kinda likikua, samaki hao hawalitoshi. Basi jioni moja baba anashuka majini na kuita. Kinda linaitika kutoka juu, linasogea ukingoni, kisha linajitupa. Huko chini maelfu ya ndege wanapiga kelele, lakini baba na mwana husikilizana hadi wakutane, wakaogelea pamoja kuelekea bahari kuu. Baba atalilisha kwa wiki kadhaa, mabawa yake yakikua. Mama hubaki kibarazani siku chache zaidi.

Mkipata nafasi ya kwenda kuwaona, nendeni Juni au mwanzoni mwa Julai. Ikifika Agosti, gilemoti wamekwisha kwenda zao baharini.