Je, wajua tembo huongea kwa sauti usiyoisikia?

Ukiwaona tembo wamepumzika chini ya migunga ya hifadhi ya Amboseli, Kenya, kimya kabisa, usidhani hawana la kuambiana. Huenda mazungumzo yamepamba moto, ila sauti yao ni nzito kuliko sikio lako linavyoweza kunasa.

Sauti hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Binadamu husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi 20,000. Mwanamume akizungumza, nyuzi sauti zake hutikisika kama mara 120 kwa sekunde. Za mwanamke hukaribia mara 210. Popo wengi huwinda kwa milio inayopita hezi 20,000. Tembo yuko upande wa pili: ngurumo zake hushuka hata hezi 14.

Mwaka 1984 Katy Payne, mtafiti Mmarekani aliyekuwa amechunguza nyimbo za nyangumi, alisimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland. Akahisi hewa inatetema, wala hakusikia mlio. Alirudi na vinasa sauti. Mkanda ulipoendeshwa kasi, ngurumo zikajitokeza. Baadaye yeye na mtafiti wa tembo Joyce Poole walizinasa kwa tembo wa porini, Amboseli.

Ngurumo hizo hutokaje? Mwaka 2012 wanasayansi wa Ulaya walipuliza hewa katika zoloto la tembo aliyekufa katika bustani ya wanyama ya Berlin. Nyuzi sauti zikatikisika kwa njia ileile anayoimbia mtu. Kinachotofautiana ni ukubwa, kama ngoma pana inavyonguruma kuliko ndogo.

Sauti nzito haimezwi upesi na hewa wala vichaka. Jioni, ardhi inapopoa, hewa baridi hulala chini na ya joto hukaa juu yake, hivyo sauti hupinda kurudi ardhini badala ya kupotelea angani. Wakati huo mwito mmoja waweza kufika kilomita 10. Ndivyo jike anavyowaita madume wakati wa kupandwa, na ndivyo familia zilizotawanyika zinavyofuatana bila kuonana.

Hata sisi tembo hutusikiliza. Utafiti uliochapishwa 2014 uliwapigia tembo wa Amboseli sauti za wanaume wa Kimaasai na wa Kikamba wakisema jambo moja, kila mmoja kwa lugha yake. Kwa Wamaasai, ambao huwachoma mikuki wakigombea maji na malisho, tembo walijikusanya na kunusa hewa zaidi. Sauti za wanawake wa Kimaasai na za wavulana hazikuwatisha kiasi hicho.

Jike mzima huweza kutambua miito ya tembo wengine 100 hivi, na familia inayoongozwa na jike mzee hubaini upesi mwenzao na mgeni. Jangili akimwua jike huyo mzee kwa ajili ya pembe, elimu ya miaka mingi hufa naye. Tusinunue pembe za ndovu, na ukimjua jangili, mripoti.