Kutu Inayopasua Maji

Kila nikitaja kupasua maji kwa jua, hakosi mtu wa kuuliza gari linaloendeshwa kwa maji litafika lini Garissa. Halitafika. Maji si kuni. Ni jivu la hidrojeni iliyokwisha kuungua, na anayetaka kuirudisha hidrojeni hiyo shurti alipe nishati yote iliyotoka, na zaidi. Stanley Meyer wa Marekani aliwauzia watu ndoto hiyo hadi mahakama ya Ohio ikaamua mwaka 1996 kuwa ni ulaghai. Video zake bado zinazunguka kwenye simu zetu, na inasikitisha.

Kosa la pili ni kudhani joto letu ni mtaji. Kinachofanya kazi ni mwanga. Hata paneli za silikoni za kituo cha Garissa, cha megawati 54.6, kilichozinduliwa Desemba 2019, hupungukiwa na nguvu zikipata moto.

Kinachoutumia mwanga huo kupasua maji ni fotoelektrodi, ambayo hukaa ndani ya maji. Mwanga ukiipiga, elektroni hung'oka na kuacha tundu: elektroni huenda kutoa hidrojeni, tundu hunyang'anya maji elektroni na oksijeni ikatoka. Fujishima na Honda wa Japani walilionyesha hilo mwaka 1972 kwa titani dioksidi, ambayo hunyonya urujuanimno tu. Silikoni hunyonya mwanga mwingi zaidi, ila majini huota ngozi ya oksidi ikazimika.

Zipo nyenzo nyingine za kueleza, lakini hematiti hainiachi nipite. Ni oksidi ya chuma, ile ile inayoupa udongo wa nyika wekundu wake. Ni rahisi, haina sumu, na haiogopi kutu kwa kuwa yenyewe ni kutu. Ugonjwa wake ni mmoja mkubwa: tundu husafiri nanomita 2 hadi 4 tu kabla ya kukutana na elektroni na kufa, ilhali mwanga huzama makumi ya nanomita. Kuongeza unene, kama wengi wanavyoshauri, ni kuongeza makaburi ya matundu. Dawa ni kuiotesha katika vijiti vyembamba mno, ili kila tundu lizaliwe jirani na maji. Kuichanganya na bati au titani kidogo ili ipitishe elektroni. Kisha kuipaka kichocheo cha kobalti, kwani molekuli moja ya oksijeni hudai elektroni 4 zitolewe.

Hata ikitibiwa hivyo, elektroni zake zenyewe hazina nguvu ya kutoa hidrojeni. Kwa hiyo nyuma yake huwekwa seli ya sola, inayokula mwanga mwekundu ambao hematiti huuacha upite na kutoa msukumo unaokosekana.