Mfungo Usio na Magharibi

Mamangu alisilimu alipoolewa. Nduguze wa Kilifi wakabaki Wakristo, na kila Idi na Krismasi tukawa tunapelekeana sahani. Kwa hiyo sikushtuka binti wa mjomba wangu alipoingia katika kundi la maombi ya kukesha. Kuomba Mungu si kosa. Kilichonitia hofu ni kumkuta siku ya tatu ya mfungo, midomo imemkauka, hata maji hataki. Mchungaji wao kasema ni siku saba.

Msomaji wangu, sisi wa Pwani jambo hili hatuwezi kulifanyia mzaha. Tangu mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, upande wa Malindi, imefukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo. Wengi waliuawa na njaa, wakiamini kuwa wanakwenda kumlaki Yesu.

Sikumpinga dini yake. Nilimweleza tuliyosoma chuoni: Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kuunganisha mfungo bila kufuturu, na mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. Nikamwuliza, "Dada, mfungo wako magharibi yake ni lini?"

Akanyamaza kitambo. "Kaka, nikinywa, wenzangu nitawaambia nini?"

"Waambie nduguyo alikusihi."

Nikamtobolea dafu. Alikunywa nusu. Kesho yake akarudi kwenye maombi, nami kila jioni hupita kwake na dafu jingine. Tukimsuta atatukimbia, na aliyewakimbia nduguze hana wa kumwuliza kama amekula.