Mbona upimwe damu kabla ya kupewa dawa ya malaria?

Msomaji, hebu tuseme umerejea Ruiru kutoka mazishini Busia. Baada ya siku kumi mwili unachemka, kichwa kinagonga na viungo vinauma. Unaingia zahanati ukitarajia kupewa tembe za malaria uende zako. Badala yake muuguzi anakudunga kidole, anachukua tone la damu na kukuambia usubiri.

Pengine utanung'unika kwamba anakupotezea wakati. La hasha! Anafuata mwongozo wa matibabu. Je, mwongozo huo hutoka wapi?

Kwanza huwa kuna swali. Katika miaka ya tisini swali lilihusu klorokwini. Dawa hiyo ya bei nafuu ilitegemewa kwa muda mrefu, lakini vimelea viliizoea. Wagonjwa waliimeza na homa ikarudi. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, na nafasi yake ikachukuliwa na dawa za aina ya Fansidar.

Hizo nazo hazikudumu. Mwaka 2004 serikali ilitangaza dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo wengi huijua kama Coartem. Hata hivyo, ilianza kutolewa katika vituo vya umma mwaka 2006. Ilikuwa ghali zaidi, na ilibidi fedha zipatikane na wahudumu wafunzwe.

Pili, hutafutwa ushahidi. Maoni ya daktari mmoja hayatoshi, hata akiwa na mvi kichwani. Chukua mfano wa kwinini, iliyotumiwa kutibu malaria kali tangu enzi za babu zetu. Watafiti waliwashughulikia watoto 5,425 waliolazwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Kwa njia ya kura, baadhi walipewa kwinini na wengine artesuneti.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kati ya kila watoto 100 waliopewa kwinini, karibu 11 walifariki. Kwa artesuneti, walikuwa kati ya 8 na 9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Tatu, wataalamu huketi pamoja. Madaktari, wauguzi, wafamasia na watafiti huulizana: Je, dawa hii inaokoa maisha? Ina madhara gani? Bei yake je? Zahanati ndogo itaweza kuitumia? Kanuni za WHO zinamtaka kila mjumbe aseme wazi kama ana maslahi yoyote kwa kampuni ya dawa.

Sasa turudi kwenye kidole chako. Mwaka 2010 WHO ilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na Kenya inafuata utaratibu huo.

Kwa mkazi wa Ruiru jambo hili ni zito. Mji huu uko nyanda za juu, ambako malaria si nyingi kama ilivyo Busia au Pwani. Homa yako yaweza kuwa nimonia, homa ya matumbo au maradhi ya njia ya mkojo. Ukinunua dawa ya malaria dukani kwa kukisia, ugonjwa wenyewe unabaki mwilini ukiendelea kukudhuru.

Kwa hivyo, ukiugua, mweleze mhudumu mahali ulikosafiri hivi karibuni. Uliza matokeo ya kipimo. Ukipewa dawa, imalize yote hata ukipata nafuu. Na mtoto akishikwa na degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, au akilegea asiamke, mkimbize hospitalini mara moja.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humuumbua. Usifiche na safari yako.